Munyu wa Wilkista Maabarani

Nabwile wa Bokoli alibakiza siku nne kazini. Mkataba wake katika maabara moja ya mbegu huko Kitale ulisema wazi: kipande kile cha DNA ya mahindi kisiposomwa chote kufikia Ijumaa, arudi kwao akauze mboga pamoja na mama yake.

Kipande chenyewe kilikuwa jeuri. DNA huandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C, na mashine ilizisoma vizuri mpaka ifike mahali G tatu zinafuatana, kisha tatu tena, mara nne karibu karibu. Hapo uzi hujikunja wenyewe, ukajifunga fundo la mikunjo minne, na mashine ikagoma. Badilisha G chache pale, fundo hulioni. Mpangilio wa herufi ndio unaoamua, si mapepo! Lakini mkubwa wake, Daktari Kibe, alishaitisha kamati mbili na warsha moja hotelini Bungoma, na wote wakakubaliana kwamba chai ya saa nne ilikuwa nzuri.

Nabwile naye alipambana kwa akili ya nyumbani. Mama yake, Wilkista, alilainisha kunde kwa munyu, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe. "Mboga ikikataa, tia munyu," alimfundisha. "Ikikataa tena, si uongeze!" Basi kwa miaka miwili, kila mashine ilipogoma, Nabwile aliongeza chumvi ya potasiamu, ile ile iliyojaa kwenye munyu.

Jumanne akasoma makala ambayo alipaswa kuisoma siku ya kwanza. Potasiamu hukaa katikati ya fundo la aina hiyo na kulikaza. Loo! Maskini dada wa watu, fundo alikuwa akilikaza kwa mkono wake mwenyewe! Alilia, akacheka, akaitoa potasiamu yote, akatia chumvi ya litiamu, ambayo hailikazi fundo. Alhamisi mashine ikasoma mwanzo hadi mwisho.

"Ulifanyaje?" Kibe akauliza.

"Nilibadilisha chumvi, Daktari."

"Chumvi ni mambo ya jikoni, bana! Wafadhili nitawaambia nini?"

Akauchana ukurasa wa litiamu kwenye daftari la Nabwile, akaandika ripoti yake kuhusu "ubunifu wa taasisi". Kisha akamwambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba fundo likishafunguka hana kazi tena. Ati miaka miwili ya kushindwa alilipwa, na siku moja ya kufaulu akafukuzwa! Ilimuuma sana.

Wiki tatu baadaye, akifunga mafungu ya sukuma wiki huko Bokoli, simu ikalia. Kibe. Kipande cha pili kimegoma, vijana wa maabara wanafuata daftari aliloliacha Nabwile na kuongeza potasiamu tu, na wafadhili wanafika kesho.

"Nabwile, dada yangu, ilikuwa chumvi gani?"

Nabwile akamtazama mama yake, aliyekuwa akimimina munyu chunguni.

"Si ulisema ni mambo ya jikoni, Daktari? Basi karibu jikoni, Bokoli. Na uje na mkataba, sahihi yako ikiwa tayari."