Mwakio, Ulisema Utaamua Jumamosi

Akili yangu imekataa, jameni. Mwakio ameenda. Jumanne jioni, akitoka kazini na pikipiki, lori likamgonga hapo kwa highway, na hadi saa hii simu ikiwaka nadhani ni yeye.

Kwa wale hamkumjua: alikuwa storekeeper kwenye shamba la mkonge, na kila Jumamosi mchana alikuwa msimulizi wetu. Tulikuwa tunacheza ule mchezo wa mezani wa mashujaa na majoka. Kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, dadu zinarushwa, na Mwakio ndiye anayeamua kilichotokea.

Tulichezea nyuma ya hoteli ya Mama Mghoi hapa Voi. Siku ya kwanza alipoona dadu alitufukuza na mwiko. "Kamari hapana! Si kwa nyumba yangu!" Mwakio akamkalisha, akamfanya malkia wa nchi yetu, na tangu hapo chai yetu ilikuwa na maziwa mengi kuliko ya wateja wote.

Mimi mhusika wangu alikuwa fundi, na karatasi yake ya kwanza niliijaza kama CV. Patasi, proficient. Kufua vyuma, proficient. Kufungua kufuli, proficient. Si ndivyo sote tunaandika tukitafuta kazi?

Mwakio aliisoma, akacheka mpaka akatoa machozi. "Barasa, hii ni application ama ni fundi?" Halafu, "Haya, patasi unaishika wapi?" Nikaonyesha upande wa makali. Akafuta zote, akaniandikia kamba peke yake, kwa sababu kwetu Bungoma nilifunga ng'ombe tangu utotoni.

Hiyo ilikuwa sheria yake, na aliitoa kazini. Kule stoo hakukupa kifaa mpaka akuone ukikitumia. Mezani pia hivyo hivyo: ujuzi uko kichwani, zana iko mkononi. Ukiwa na kimoja, rusha dadu mara moja na uombe Mungu. Ukiwa na vyote viwili, rusha mara mbili, chukua iliyo kubwa.

Na hakuwa anasita. Ukiuliza, umejibiwa. Tulimwita auditor, akaendelea kutafuna mahamri yake.

Joka lake la kwanza lilikuwa linakula mahindi! Aliwahi kuona ndovu wakimaliza shamba la shangazi yake kule Kasigau, kwa hiyo adui wake hakulinda dhahabu kama majoka ya vitabuni, alikuja wakati wa kuvuna. Tulilifukuza na moshi wa pilipili, tukashangilia kama wajinga.

Wakesho, mwenzetu, ni nesi. Tulimbembeleza awe tabibu wa kundi, akakataa katakata. "Kutibu natibu kazini. Hapa niacheni niimbe." Akawa mwimbaji mwenye zeze.

Jumamosi iliyopita fundi wangu alianguka kutoka jabalini. Damu inamtoka. Mfuko wa dawa uko hapo chini, na aliye karibu ni mwimbaji wa Wakesho, ambaye kwa karatasi hana ustadi nao hata kidogo.

"Namfunga kidonda," Wakesho akasema. "Hii kitu nafanya kila shift."

"Wewe wajua," Mwakio akamwambia. "Mwimbaji wako hajui."

"Zii! Barasa ulimfutia patasi juu yeye mwenyewe hajui kuishika. Mimi najua. Ama hii sheria yako ni ya kunyima tu?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mwakio alikosa jibu. Alikuna kichwa, akakusanya dadu. "Hapo umenipata, Wakesho. Nipeni mpaka Jumamosi, nitaamua."

Mimi nikapiga kelele, "Bro, nakufa hapa!" Akacheka. "Ngoja tu. Hutakufa kabla ya weekend." Akavaa helmet, akaenda.

Jumanne walimleta Mwakio hospitalini kwa Wakesho. Ndiye alikuwa kwa shift.

Aliponipigia simu alikuwa anarudia jambo moja tu. "Nilijua cha kufanya, Barasa. Nilijua. Na kila kitu kilikuwa hapo." Ujuzi ulikuwepo. Zana zilikuwepo. Alifanya yote aliyofundishwa, na Mwakio akaenda.

Sasa, Mwakio, wewe unayejua sheria zote, hapo dadu zinarushwa mara ngapi? Niambie! Mbona hukutuambia kuna siku vyote viwili havitoshi?

Leo ni Jumamosi. Tumekuja hotelini kwa sababu hatukuwa na pengine pa kwenda. Mama Mghoi ameacha wateja wake, amekaa nasi.

Mmoja wetu akasema tumalize hiyo scene, Wakesho aamue mwenyewe. Wakesho akasukuma dadu mbali. "Sirushi. Nikirusha na nimpoteze tena?" Akaweka kichwa juu ya meza, akalia, na mimi nikalia.

Fundi wangu bado yuko chini ya lile jabali, na hakuna mtu duniani anayejua kama ataishi. Jibu lilikuwa kichwani mwako pekee. Asubuhi nimemwomba Mungu akurudishe kwa dakika chache tu, uamue, halafu uende. Najua ni maombi ya mwendawazimu. Nimeomba hata hivyo.

Mama yako amenipigia. "Mwanangu, huko kila Jumamosi mlikuwa mkifanya nini hasa?" Nitamwambia nini, Mwakio? Kwamba mtoto wake alikuwa ameshikilia maisha yetu sote mkononi, na tulimwamini?

Kesho tunakupandisha nyumbani Chawia kukuzika. Sitaki kwenda, na nitaenda.

Ndugu yangu, kama huko uliko umeshaamua, tafuta njia yoyote unijulishe, hata kama jibu ni kwamba nife. Lala salama.