Habari za Wilondja

Nakumbuka siku ile, mwanangu, mama yangu alipochinja jogoo wake wa mwisho kwa ajili ya mgeni aliyedai amemwona kaka yangu Wilondja akiwa hai mjini Kalemie. Vita vya pili vya nchi yetu vilimtoa Wilondja nyumbani kwetu Baraka, akapanda milima ya Fizi kushika bunduki, na tangu hapo kimya. Wageni wakaja mmoja mmoja. Huyu alisema kafungwa, yule kavuka ziwa, mwingine eti kaoa. Wote walikula ugali wetu wakaondoka wakijipangusa midomo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wale hawakutuponya. Mama hakuweza hata kuweka matanga, maana nani amlilie mtu anayeambiwa yu hai?

Nilikuwa kijana wa hasira. Nikasikia sokoni kwamba Asukulu, aliyeingia vitani pamoja na kaka, amerudi kwao kwenye rasi ya Ubwari na anavua ndagala, vile visamaki vya ziwani. Nikapanda boti. Nilimkuta ufukweni akishona wavu. Kabla sijasema neno, akainamisha kichwa. Nikajua.

"Mbona hukukuya kutuambia?" nikamuuliza.

"Ningemuambia mama yako nini?"

"Ile unaogopa kuniambia mimi, utamuambia yeye."

Sikumpiga, ingawa mkono uliniwasha. Tulirudi Baraka pamoja.

Mama alimpa Asukulu kiti, mwenyewe akakaa kwenye mkeka.

"Ulimuona na macho yako?"

"Ndiyo, mama. Risasi ilimupiga kwenye kiuno. Tulimubeba mpaka tukachoka, tukamulalisha kando ya njia. Alikuwa analomba maji. Nikashuka mutoni kuyatafuta, nikasikia masasi ya bunduki inalia, nikakimbia. Kesho yake nikarudi. Alikuwa amekwisha kufa."

"Alikunywa?"

"Hapana, mama."

"Ulimuzika?"

"Nilimufunika na majani. Adui balikuwa karibu."

Mjomba wangu, aliyekuwa ameketi kando akisikiliza, akaruka. "We kijana, huna huruma? Ungesema alikufa palepale!"

"Nyamaza, kaka," mama akamkemea. "Bengine bote balikula kwangu na kunipatia uongo. Huyu ameniletea mutoto wangu." Kisha akamgeukia Asukulu. "Sasa nitamulia. Lakini we, usikanyage tena hapa."

Asukulu akainuka, akatoka. Hakuna aliyemsindikiza. Msema kweli hana wajoli, yaani hana wenzi, mwanangu, na siku hiyo niliona maana yake. Kabla jua halijazama, wanawake wa jirani walikuwa wamejaa uani, na mama akatoa kilio alichokizuia kifuani kwa miaka. Hakumsamehe Asukulu mpaka anaingia kaburini. Sikumlaumu. Lakini kuanzia siku hiyo aliacha kukaa mlangoni akiangalia barabara.

Vita havijatuacha, na huenda siku moja ukawa wewe uliyeona kifo cha mtoto wa watu. Usimpelekee mama yake habari usiyoishuhudia. Tumaini la uongo ni mwiba unaooza ndani ya mguu. Ukiwa umeona, nenda mapema, useme yote, hata yale yanayokutia aibu. Usingoje shukrani. Huenda ukafukuzwa, nawe ufukuzike.

Mungu akuepushe na safari hiyo. Ikikufikia, akupe miguu ya kwenda na ulimi usiopinda. Na siku yako ikija, ije baada ya uzee mrefu, wanao wakuzike kwa mikono yao, na pasiwe na mtu wa kuuliza ulilala wapi.