Mchunga wa Rågsved

Kila Juni nikipita nyuma ya jengo letu la zamani Rågsved, huku Uswidi, naikuta bado ile michoro kwenye majani: mistari myeupe iliyopindapinda, kama ya mtoto aliyeachiwa chaki. Ni kazi ya nzi mdogo asiye na adabu. Hutaga yai ndani ya jani, na funza akianguliwa hutafuna njia yake katikati ya ngozi mbili za jani hilo, hatoki mpaka ashibe. Huyapenda magugu ya jamaa ya alizeti. Mojawapo mama aliliita mchunga, kwa kuwa lilifanana na mchunga, ile mboga chungu ya kwao Tanga, hata kwa utomvu wake mweupe. Nikiyaona majani yale roho hunilainika, nikawakumbuka wazee wangu.

Mwaka mmoja baba alikuwa ametoka hospitali. Upasuaji ulikwenda vizuri, ila ladha ilimtoka kinywani. Wali, samaki, hata uji wa pilipili manga, vyote alisema ni sawa na kutafuna karatasi. Alikula vijiko viwili kwa heshima, akashukuru, akasukuma sahani. Suruali zikaanza kumpwaya. Mama akawa anazipunguza kiunoni moja baada ya nyingine, na hilo lilinitisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Asubuhi moja alinibebesha kapu, tukashuka hadi nyuma ya chumba cha kufulia. Nilimwambia kwa Kiswidi kwamba hayo ni magugu na watu wanatutazama. Akanijibu kwa Kiswahili kwamba watazame tu, macho hayana pazia. Alichuma majani yaliyochorwa, mazima akayaacha. Jirani yetu, mwanamke mmoja wa Kirundi aliyekuwa amebeba nguo zake, akatuonya kwamba majani yale yana ugonjwa. Mama akaliinua moja juani, tukamwona funza mwishoni mwa mstari, mnene, hana habari.

"Huyu mzima, tena anakula," mama akasema. "Basi hapa hapajapigwa dawa."

Nyumbani alinyofoa kwa kucha kila palipokaa funza, akachemsha majani, akamwaga maji, akachemsha tena, kisha akayaunga kwa tui la kopo. Nyumba nzima ikanukia likizo zangu za utotoni kwa bibi. Baba akatia tonge moja kinywani, akatafuna kwa muda, uso umemkunjamana. Mama alisimama na mwiko mkononi, wala hakukaa.

"Umeyachemsha mno, mama watoto," baba akasema. "Uchungu wake nausikia kwa mbali tu."

Mama hakuwa mtu wa kukosolewa mapishi. Kwa neno dogo kuliko hilo, baba aliwahi kununiwa wiki nzima. Siku ile alijifunika uso kwa upindo wa kanga, akalia kwa furaha mbele yetu, kisha akauliza kesho achemshe mara ngapi.

"Mara moja inatosha," baba akasema, akalivuta bakuli karibu yake.