Chembe Nyekundu

Kwetu Masese, ukila kanga, yule ndege wa porini, unatafuna polepole. Ukikutana na chembe ya risasi unaiweka ukingoni mwa sahani, na mume wangu anajisifu: "Hiyo ilimpata bawani." Shotigani ni yake, kibali anacho, na siku zote hununua risasi za bei rahisi, zenye chembe tupu zisizopakwa kitu, nyeusi, zinazobonyea zikigonga mfupa na kukuchafua vidole.

Siku moja nikauma kitu kigumu. Nikakitoa: cha mviringo, hakijabonyea popote, chekundu. Chembe iliyopakwa shaba! Risasi hizo ni ghali, na bwana huyu hata sukari ananiuliza imeishaje.

Nikamwekea kiganjani. "Baba watoto, hii nini?"

Akaifikicha kwa vidole. "Si ni chembe zangu zile zile, nyeusi?"

Nyeusi! Inang'aa mbele ya macho yake, naye ananifanya mjinga. Kwa hiyo huko Mbale anakokwenda kuwinda, ndege anapigiwa na mtu mwingine. Yeye anashinda wapi? Banange, jamani, mimi si mtoto: ana nyumba ya pili. Na nani aliyemchinja yule kanga? Akifa kabla ya kisu, kwetu Waislamu huyo ni mzoga, na wanangu wamekula.

Nikamnunia. Nikamkata jicho asubuhi, nikamkata jicho jioni. Hakushtuka hata kidogo. Akijigonga kwenye stuli nasema moyoni, anamuwaza huyo mwanamke wake.

Safari iliyofuata nikajibandika. Akakataa, akatafuta visingizio, wallahi nikazidi kuwa na hakika.

Chini ya mlima Wanale alitupokea rafiki yake wa zamani, Mkristo, mwindaji kama yeye, mwenye bunduki yake. Nilichungua mpaka kamba ya kuanikia nguo, gauni la mwanamke sikuliona. Tukaingia porini. Mume wangu hata bunduki hakuitoa kwenye mfuko. Kanga waliporuka, rafiki ndiye aliyefyatua, mmoja akaanguka majanini.

Mume wangu akachomoa kisu. Akasimama kwanza, akisikiliza mabawa yanavyopigapiga chini, kisha akaifuata sauti na kupiga magoti mahali pasipo na kitu. Rafiki akamshika mkono, akauongoza mpaka shingoni mwa ndege. "Bismillah," akasema, akachinja.

Nikamgeukia rafiki.

"Shemeji, macho yake yamekwisha," rafiki akaniambia. "Aliniapisha nisikwambie. Lakini kuchinja anachinja mwenyewe, hajaacha hata mmoja."

Mume wangu alikuwa akipangusa mikono kwenye majani, ameinamisha kichwa. Nikamsogelea.

"Na mimi," nikamuuliza, "mimi unaniona?"

Akanyoosha mkono kunigusa shavu, ukapita pembeni, ukashika hewa. Nikausogeza uso wangu mpaka ukaufikia.