Mchele Alioumwaga

Sijamsamehe, na sina mpango wa kumsamehe.

Tulikuwa wahandisi wawili katika chuo kimoja hapa Nyeri, tukiunda mfano wa setilaiti: sanduku jepesi lililoning'inia kwa waya, ubavuni lina pua ndogo za kutolea hewa. Huko angani chombo hujigeuza kwa kupuliza gesi upande huu ili kisukumwe upande ule. Kila pua ina vali yake, inafunguka kidogo na kujifunga, tsi, tsi, na sanduku linaelekea unakotaka. Vali hizo nilizihangaikia mimi. Mwenye kazi hiyo, ikiwapendeza wageni waliotarajiwa kuja kuukagua mfano wetu, angepelekwa ng'ambo kusomea mitambo ya setilaiti. Niliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote.

Adui yetu alikuwa unyevu. Hewa tuliyoishindilia kwenye mtungi ikichomoka hupoa mno, na maji yaliyomo huganda na kukwamisha vali. Na Julai hapa Nyeri ni ukungu na manyunyu tu. Mimi ni mtoto wa Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga. Kwetu chumvi hutiwa punje za mchele zinyonye unyevu, isishikane. Basi nikakaanga mchele bila mafuta mpaka ukakauka kabisa, nikaujaza kwenye bomba, hewa ikawa inapita humo kabla ya kuingia mtungini. Vali zikaacha kukwama.

Asubuhi ya wageni nilikuta jina langu limebanduliwa kwenye bango. La mwenzangu lilikuwepo. Bomba langu alikuwa amelifungua na kuwamwagia kuku wa mlinzi mchele wote, kisha akajaza mtungi upya kwa hewa ya ukungu ule ule.

"Ati wageni wakuje wapate mchele kwa setilaiti?" alicheka. "Hapa si hoteli, madam. Wewe shughulikia chai."

Ningeweza kumwonya kwamba vali zitaganda. Nikaenda kushughulikia chai.

Mchungaji aliombea mtambo kwa kirefu, mwenzangu akabonyeza kitufe. Tsi. Vali ikafunguka, ikaganda, ikagoma kujifunga. Sanduku likazunguka, likazidi kuzunguka, waya ukajisokota hadi ukakatika, na kazi yangu ya miezi ikapasuka sakafuni miguuni pa mgeni mkuu. Mwenzangu alinitazama kwa macho ya kuomba msaada. Nilimgeukia mgeni nikamuuliza kama nimwongezee sukari.

Nafasi ya ng'ambo ilienda chuo kingine. Iliniuma, bado inaniuma, na hata hivyo ningenyamaza tena.

Kesho yake alinifuata mezani wakati wa chakula cha mchana, mpole kabisa.

"Kwani ile mchele ilikuwa ya nini?"

Nilikuwa nakula wali. Nilitafuna polepole, nikameza, nikanywa maji.

"Hapa si hoteli," nikamwambia, nikachota kijiko kingine.