Plasta kwenye Mkono wa Gisiri

Siku waliyomtupa Gisiri shimoni kule machimbo ya Macalder, mkono wake ulikuwa bado na plasta ya hospitali.

Hiyo plasta ndiyo iliyomponza. Tulieni niwaambie, maana kuna watu humu mtandaoni wanasimulia hii stori na hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, na kovu la panga ninalo begani.

Mume wangu Boaz ni mchimba dhahabu. Gisiri, Mkuria wa kule karibu na mpaka, ndiye alikuwa mshika kamba wake. Kwa wachimbaji, anayekushikia kamba ukishuka ndiye anayekumiminia chai ukitoka. Mtu mwingine hagusi hiyo thamosi.

Basi Boaz akaanza kukonda. Macho yakawa ya manjano, mkojo ukawa mweusi, akawa anajikuna mpaka anajichubua. Tukampeleka hospitali Homa Bay, mimi, Gisiri na shemeji yangu Otuoma.

Daktari Shamima hakuzungusha maneno.

"Ni saratani ya kongosho. Na damu yake imenitisha. Vipimo vinaonyesha mwili unawaka ndani, chembe za kupigana na ugonjwa zimepanda mno. Kwa saratani hii, damu ikiwa hivi, mara nyingi mgonjwa hakai sana."

Otuoma aliinuka hapo hapo akatoka, mlango ukagonga ukuta.

Si angengoja kidogo tu! Daktari alikuwa hajamaliza.

"Lakini njia ya nyongo imeziba, na naona imeingia maambukizi. Hayo nayo yanapandisha vipimo. Tutaizibua kwanza, halafu tupime tena. Kwa leo siwezi kusema atakufa."

Nilibaki na mgonjwa. Gisiri akarudi Macalder kulinda shimo lao. Kesho yake nami nikafunga safari kuchukua nguo za Boaz, nikakuta watu wamejaa pale shimoni, na Otuoma katikati yao ameshika mtarimbo.

"Mwili wa ndugu yangu unawaka ndani! Daktari amesema kwa mdomo wake! Sasa nyinyi niambieni, hapa Macalder ni nini huchoma mtu ndani?"

"Zebaki!" wakaitika.

Zebaki tunaijua wote. Ndiyo inayoshika dhahabu kwenye karai, na kila mama hapa huificha watoto wasiifikie.

"Na nani alikuwa anammiminia chai?"

Wueh! Macho yote yakamgeukia Gisiri.

Otuoma akamshika mkono akauinua juu. "Na hii plasta inaficha nini? Umeenda kuchanjwa dawa ya kujikinga na sumu yako, sindio?"

"Omera, ndugu yangu, nilitoa damu! Damu ya kumsaidia Boaz!"

"Mkuria ampe Mjaluo damu? Unatuona wajinga?"

Mtarimbo ukashuka palepale penye plasta. Nilisikia mfupa ukivunjika. Gisiri akalia, na kile kilio kikawa kama kimewapa ruhusa. Jiwe likampata mdomoni, akatema meno. Mateke yakaanza. Watu aliokula nao samaki kule Sori, ziwani, Jumapili wakampiga kwa majembe.

Nikajitupa juu yake.

"Nyar Sori, toka hapo!" Otuoma akanifokea; ndivyo wanavyoniita, binti wa Sori.

"Daktari alisema saratani! Nani alitaja sumu? Otuoma, wewe ulitoka kabla hajamaliza!"

Panga la mtu, mpaka leo sijui nani, likaniingia begani. Wakanivuta nguo wakanitupa kando. Wakamfunga Gisiri kwa kamba yake mwenyewe, ile ya kumshushia Boaz, wakamburuta hadi mdomoni mwa shimo. Alikuwa ananiangalia. Damu ilimjaa machoni lakini alikuwa ananiangalia mimi.

Otuoma akamsukuma kwa mguu.

Nilimsikia akigonga kuta za shimo akienda chini. Polisi walipokuja kumtoa alikuwa ameshakata roho. Otuoma walimkamata njiani akielekea Tanzania.

Sasa sikilizeni.

Homa Bay walimzibua Boaz nyongo, wakatibu maambukizi, wakapima damu tena. Ule moto ulikuwa umeshuka. Daktari wa upasuaji akasema uvimbe unatolewa, na wakautoa. Daktari Shamima haniahidi kitu, kliniki bado tunaenda. Lakini Boaz yuko hai, anakula, na jana amenigombeza eti chumvi imezidi.

Yule ambaye damu yake ilisema anakufa yuko hapa. Mzima ndiye tuliyemzika.

Siku ya operesheni, Boaz bado hajaamka, muuguzi Filister alikuja kuniuliza, "Yule rafiki yenu aliyetoa damu yuko wapi? Ililingana, na ndiyo tuliyomwongezea mumeo leo wakati wa operesheni. Nilitaka kumshukuru. Siku ile tulimwomba kwanza yule ndugu wa mgonjwa alipotoka kwa daktari, akaona sindano akasema anaenda kununua soda. Hatukumwona tena."

Nililia mpaka wakanitoa wodini.

Boaz alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Gisiri yuko wapi? Mwambie aikague kamba vizuri, nikipona nashuka."

Nilimjibu kwamba nitamwambia. Mungu anisamehe, ningesema nini?

Jameni, vipimo vinaweza kukuonyesha mwili unawaka. Aliyewasha havimtaji. Ukimpeleka mgonjwa wako kwa daktari, kaa kwenye kiti mpaka daktari amalize kuongea.