Kichungi cha Mama Mwende

Niliwahi kuficha kichungi cha chai ndani ya debe la unga, nikajiona askari wa nyumba yetu. Juzi mtoto wa jirani alipobisha kuniomba changu, aibu ile ilinirudia nzima nzima.

Tuliishi Makongeni, ukuta mmoja na Mama Mwende, ambaye hakupitisha siku bila kuazima kitu kwetu: leo mwiko, kesho pasi. Alasiri hiyo alikuja mbio, leso kiunoni, akinukia tangawizi na mafuta taa.

"Kasichana, nipe kichungi. Wageni wa Mwende wamefika."

Mama alikuwa sokoni. Nikamwambia kimepotea.

Kupitia ukutani niliwasikia wazee wakitema majani ya chai, ptu, ptu, na Mama Mwende akiomba radhi kwa sauti iliyozidi kufifia. Nilicheka hadi nikajikunja. Sikujua wamekuja kumposa Mwende.

Mama aliposonga ugali jioni alikikuta kwenye unga, akanikokota nikaombe msamaha. Mama Mwende alikipokea, akakipuliza, akanitazama.

"Hiki ni changu, wewe. Mama yako alikiazima ukiwa bado tumboni."